Kapasita ya Tatu

Mwaka mke wangu aliporudi shule, binti yetu alikuwa kidato cha nne na mama mtu ndiyo kwanza anaanza cha tatu, kwa hiyo ndani ya nyumba moja mtoto alimtangulia mzazi wake darasa moja. Binti hakuiacha nafasi hiyo ipite bure. Akitumwa maji ya kunywa, anajibu kwa adabu zote kwamba kwa kawaida wanafunzi wa madarasa ya chini ndio wanaotumwa. Nilicheka mpaka nikaambiwa kama nataka kucheka niende nje. Mimi ni fundi cherehani. Nina mashine mbili na meza ya kukatia katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na sisi mafundi, kama anavyojua kila mteja aliyewahi kusubiri suruali, tuna maneno mengi. Leo maneno yangu yote ni ya kumsifu mke wangu. Asiyependa kusikia mume akimsifu mkewe, mlango uko wazi.

Aliacha shule kidato cha pili, wala si kwa ujinga. Mama yake aliugua mgongo akawa hawezi hata kuinama, na katika watoto watano yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Kwa miaka mingi, akiulizwa kasoma mpaka wapi, alijibu upesi kisha akageuza mazungumzo. Tulioana, tukazaa, na miaka kumi na moja kabla ya huo mwaka wa kurudi shule akapata kazi katika kiwanda kinachounganisha kompyuta za mashule na maofisi. Yuko kwenye mstari wa bodi za umeme. Hiyo ni ile bodi iliyo ndani ya kompyuta, inayopokea umeme mkali wa ukutani na kuupunguza mpaka kiasi ambacho kompyuta inaweza kuuvumilia. Wenzake wanachomeka viungo kwenye matundu ya bodi, yeye anavilehemu kwa risasi iliyoyeyushwa, na kichwani amevaa kioo cha kukuzia. Ndiyo maana kiwandani anaitwa Lenzi. Mstari wao una wanawake kumi na wawili, wote kwa aproni za manjano, na aproni zake nilizishona mimi kwa mkono wangu.

Kila mwaka kiwanda huchukua watu wanne wa mstari na kuwapeleka mafunzo ya ukaguzi. Ukitoka huko unavaa koti la buluu, unakaa chumba cha majaribio, unaitwa fundi. Masharti ni mawili: uwe na cheti cha kidato cha nne, na uwe hujatimiza miaka arobaini na mitano. Mke wangu alikuwa anakaribia arobaini na minne. Ndipo akajiandikisha darasa la watu wazima la Jumamosi, ambalo linabana kidato cha tatu na cha nne katika mwaka mmoja. Wanasomea katika chumba cha shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Kabla ya mtihani kuna kazi ya utafiti ya kuandika, na ikikataliwa huingii chumba cha mtihani. Kwa umri wake hakukuwa na mwaka wa kurudia. Mambo yote yalisimama juu ya karatasi hiyo.

Swali la mwalimu lilikuwa fupi. Chagua kazi moja, uifanyie utafiti, ueleze mwenye kazi hiyo anafanya nini hasa. Wengine walichagua udaktari na urubani. Mke wangu alichagua uhandisi wa maunzi ya kompyuta, yaani kazi ya kubuni vile viungo vya kompyuta unavyoweza kuvishika mkononi. Nilimuuliza kwa nini asichague ushonaji, mhojiwa si yuko hapa hapa, tena bure. Akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunieleza. Kwenye pembe ya kila bodi pamechapwa herufi tatu ndogo kuliko punje ya mtama, na mbele yake tarakimu moja, yaani 3. Huziona herufi hizo mara mia mbili kwa siku. Alijua kwamba mtu aliyeweka jina lake pale kwa kifupi ndiye aliyeichora bodi, na siku zote alitaka kujua ni mtu wa namna gani.

Karatasi ya kwanza aliiandika na binti. Walikaa kwenye kompyuta ya duka la kuchapisha, wakatafuta, wakakusanya. Ilikuwa karatasi nzuri, safi, yenye vichwa vya habari vilivyokolezwa wino. Mhandisi wa maunzi husoma hisabati na fizikia, husoma chuo miaka minne, huhitaji umakini na ushirikiano. Niliisoma nikaona tumeshapasi. Mwalimu, mzee mmoja anayesahihisha kwa penseli ya kijani, aliirudisha ikiwa na maneno mawili matatu tu chini: “Haya hata mimi nayajua, na sijawahi kushika bodi. Wewe unajua nini?”

Nilikasirika kuliko yeye. Nikasema mwalimu huyo anatafuta sababu, na kama anataka bodi nitampelekea moja aitafune. Mke wangu aliiweka karatasi mapajani akasema, “Anachouliza nakijua. Shida ni kwamba sitakiwi kukijua.”

Nilikuwa napiga pasi kola za mashati. Nikaiweka pasi pembeni akanisimulia.

Kwenye bodi yao kuna kapasita tatu kubwa. Kapasita ni kikopo kidogo cha duara kinachohifadhi umeme, na ubavuni kina mstari mweupe. Kwenye bodi pamechapwa alama inayoonyesha mstari huo ukae upande gani. Ukikiweka kikopo kinyume, umeme ukipita huvimba kichwa na kupasuka kama bisi, na harufu yake haitoki chumbani siku nzima. Sasa, alama ya kapasita ya kwanza ni sahihi. Ya pili ni sahihi. Ya tatu imechapwa kinyume. Bodi zile zilipoanza tu kuletwa kiwandani, nane zilipasuka katika chumba cha majaribio, na msimamizi wa wakati huo, ambaye hakupenda kabisa kupanda ngazi za ofisini, aliwaambia wanawake wa mstari: ya tatu pindueni. Wakapindua, bodi zikawaka, mambo yakaisha. Msimamizi yule alistaafu. Akaja mwingine, ambaye kwa tabia yake wanamwita Bwana Haraka, naye hakuambiwa kitu. Lakini kila mwanamke mpya aliyeletwa kwenye mstari alifundishwa siku ya kwanza, kwa sauti ya chini: mbili kama zilivyo, ya tatu pindua.

Kwa miaka kumi na moja mchoro ulisema hivi na mikono ikafanya vile. Kule juu hakuna aliyejua.

Mwalimu alitaka pia mwanafunzi wake amhoji mhandisi mwenyewe. Mke wangu alidhani mwenye herufi zile yuko nchi ya mbali. Akamuuliza mlinzi wa geti, maana kuuliza si ujinga, naye mlinzi akanyoosha kidole upande wa pili wa uwanja, ghorofani, kwenye dirisha lenye pazia la kijivu. Ni hatua mia na kidogo kutoka kwenye mstari. Aliomba ruhusa siku ya Alhamisi wakati wa mapumziko, akavua aproni, akapanda.

Alirudi nyumbani macho yanang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu niwe fundi niliacha mteja anasubiri ili nisikilize. Mhandisi ni mwanamke, tena mdogo kwake kwa miaka kama sita. Alimkaribisha kiti, akamwita mama, akamwonyesha kila kitu. Bodi moja humchukua miezi sita. Kwanza hupiga hesabu za umeme na joto, kisha huchagua viungo, kisha huchora njia za shaba zisigusane, kisha hutuma mchoro ukachapwe, halafu anasubiri bodi ya majaribio. Mke wangu alimuuliza, kazi yenyewe ni nini hasa ukiondoa yote hayo? Mhandisi akafikiri. “Kuwaza kila kitu kitaharibikaje,” akasema, “kabla hakijaharibika.”

Sentensi hiyo mke wangu aliiandika mara mbili kwenye daftari. Alipofika hapo kunisimulia, ule mng'ao ukamtoka.

Ukutani, nyuma ya kiti cha mhandisi, kulikuwa na fremu ya mbao yenye bodi tupu, isiyo na kiungo hata kimoja. Ndiyo bodi yake ya kwanza tangu atoke chuo. Mhandisi aliitazama akasema kwa fahari kwamba kwa miaka kumi na moja bodi hiyo haijawahi kurudi na lawama hata moja. Mke wangu akatazama naye. Kutoka kwenye kiti alichokalia, bila lenzi, aliiona alama ya kapasita ya tatu, imekaa pale kinyume, ndani ya fremu, imepigwa kioo juu.

“Ukasemaje?” nikamuuliza.

“Nikasema ni bodi nzuri. Na kweli ni nzuri.”

Hapa lazima niseme nilivyosema, ingawa sijisifu. Nilimshauri anyamaze. Nilimwambia andika habari za joto na shaba, inatosha. Nikamtolea mfano wangu mwenyewe. Duka kubwa linaloniletea mashati ya kushona lina mkata kitambaa ambaye kila mara tundu la mkono wa kushoto analikata pana kuliko la kulia. Kila mara mimi nalirekebisha kimya kimya, na shati linakaa mwilini kama lilivyotakiwa. Nikatamba kidogo. Nikasema, “Fundi mzuri humfunika mkata kitambaa.”

“Na mkata kitambaa atajuaje?”

“Ajue ili iweje? Shati si limekaa.”

“Kwa hiyo siku ukiumwa wewe, mashati ya watu yatakuwa na mikono ya aina gani?” Alikuwa anakunja karatasi zake pole pole. “Mficha uchi hazai, baba watoto.”

Nilihamaki, nikaenda kuipaka mafuta mashine ambayo ilikuwa imepakwa asubuhi.

Lakini siri haikuwa yake peke yake. Wanawake wengine kumi na mmoja walikuwa ndani ya siri ile, na ofisi ingeweza kuwageuzia kibao, kwamba kwa miaka kumi na moja wamekuwa wakikiuka mchoro. Mke wangu hakutaka kuwauza wenzake ili apate cheti. Siku iliyofuata, wakati wa chakula, aliwaambia wote anachotaka kuandika na kwa nini. Wengine walinuna. Mmoja alimuuliza kama anataka koti la buluu kiasi hicho. Aliyekata shauri ni mkubwa wao, mama mmoja anayechomeka kapasita tangu kiwanda kilipofunguliwa. Akasema mikono yake imechoka kuwa nadhifu kuliko karatasi ya mtu mwingine. Kisha akaongeza, “Andika. Wakiuliza nani alipindua, sema tulipindua.”

Akaandika. Safari hii binti alikatazwa kusogea, hata alipojitolea kusahihisha herufi kubwa. Aliandika kurasa kumi na moja kwa mkono. Alieleza kazi ya mhandisi kama alivyoelezwa, kisha akaeleza kapasita ya tatu, nani alisema nini na tangu lini, bila jina la mtu. Kabla ya kuipeleka kwa mwalimu, akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya hata kwa kusukumwa. Aliipeleka kwanza ghorofani. Alisema si haki mtu asomewe kosa lake darasani na watu asiowajua kabla hajalisoma mwenyewe.

Mhandisi aliisoma yote akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa tisa aligeuka, akaitoa fremu msumarini, akaipeleka dirishani penye mwanga. Aliporudi alisema tu, “Asante, mama. Rudi kazini.” Uso wake haukuonyesha kitu.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Bwana Haraka aliitwa ghorofani akashuka amevimba, akawa anapita nyuma ya mstari bila kumsalimia mtu. Hakuna aliyeambiwa lolote. Mke wangu alikula nusu sahani na kuamka kabla ya jogoo. Nami nilikuwa na lile neno baya ulimini, lile la nilikwambia, na siku moja likanitoka. Alinitazama mpaka nikatamani kulirudisha. Binti, ambaye kwa kawaida hupenda ugomvi wetu, alichukua vitabu vyake akaenda kusomea kwa jirani. Mwalimu wa penseli ya kijani naye alikuwa ameisoma karatasi. Akasema ni kazi ya kweli ila haijakamilika: ameeleza kosa, sasa aeleze limefundisha nini. Alimpa mpaka mwisho wa muhula.

Kisha, Jumatatu moja, bodi mpya zikafika.

Zililetwa mstarini kama siku zote, trei juu ya trei, rangi ile ile ya kijani. Wachomekaji wakaanza kuchomeka. Mbili kama zilivyo, ya tatu pindua. Trei zikasogea mpaka kwa mke wangu, akateremsha lenzi, akalehemu bodi ya kwanza, akalehemu ya pili. Alipofika ya sita, alinisimulia, jicho lake lilipita kwenye pembe kuzisalimia zile herufi tatu kama kawaida yake. Herufi zilikuwa zile zile. Namba iliyo mbele yake haikuwa tena 3, ilikuwa 4.

Akaitazama kapasita ya tatu. Alama ilikuwa imesahihishwa, na wao walikuwa wameigeuza. Na si wao tu. Yeye mwenyewe, aliyeandika kurasa kumi na moja juu ya jambo lile, alikuwa ameshalehemu sita kinyume kwa mkono wake. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na walisema kweli.

Mwisho wa mstari kuna kitufe chekundu cha kusimamisha kazi. Kwa miaka yote hakuna mwanamke wa mstari aliyewahi kukigusa, maana ni cha msimamizi. Mbele zaidi, nyuma ya kioo, kijana wa majaribio alikuwa ameshavaa miwani yake anangoja trei ya kwanza ili aitie umeme. Mke wangu alivua mkononi mkanda wa waya unaozikinga bodi na umeme wa mwilini, akatembea, hakukimbia, akakibonyeza.

Bwana Haraka alikuja mbio, sauti ikimtangulia. Akauliza nani kampa ruhusa na kama anajua hesabu ya siku. Mke wangu alimwekea bodi mbili mkononi, ya zamani na mpya, akavua lenzi yake akampa. Bwana yule akatazama. Akatazama tena. Tangazo la mabadiliko lilikuwepo, limebandikwa kwenye ubao wake, chini ya orodha ya likizo, na hakulisoma kwa sababu ya haraka. Bodi arobaini na moja zilikuwa zimegeuzwa kapasita ya tatu. Hata moja haikupasuka.

Mhandisi alishuka ngazi. Wanawake wanasema hawakuwahi kumwona kwenye sakafu ile, na alikuja na viatu vya ofisini vinavyogonga. Hakugomba na mtu. Aliomba kiti, akakaa kati ya mama mkubwa wao na mke wangu, akawaomba wachomeke kama wanavyochomeka, huku wanaongea yao. Wakachomeka. Akahesabu. Baada ya kuambiwa, kuonyeshwa na kukubali kwa vichwa vyote kumi na viwili, bado katika kila bodi kumi, tatu zilipinduliwa. Mama mkubwa wao alicheka mpaka akafuta machozi, akaviita vidole vyake majina yasiyoandikika.

“Nimesahihisha kosa,” mhandisi akamwambia mke wangu, “na sasa kusahihisha ndiko kunakotaka kutuunguza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

Hebu lisikilizeni swali hilo. Mwanamke aliyeishia kidato cha pili, ndani ya aproni ya manjano, anaulizwa na mhandisi angefanyaje. Mimi sikuwepo, lakini kila nikilikumbuka kifua kinajaa.

Mke wangu akamjibu, “Mikono haisomi, mhandisi. Inakumbuka. Ukitaka ibadilike, iletee kitu ambacho haijakizoea. Bodi hizi ni za kijani zilezile, na mikono inajua kijani ni pindua. Zilete za rangi nyingine.”

Kazi ilisimama siku tisa. Bodi za kijani zenye namba nne zikawekwa kando, zilehemiwe na watu wawili tu, mmoja anachomeka na mwingine anamwangalia. Zilizokuja baada ya hapo zilikuwa za buluu, na tangu siku ya kwanza hakuna mkono uliokosea. Kwenye ubao wa Bwana Haraka, orodha ya likizo ilihamishiwa chini.

Ukurasa wa kumi na mbili mke wangu aliuandika Jumapili, kwenye meza yangu ya kukatia, kati ya chaki na mkasi. Ndio mfupi kuliko zote. Aliandika kwamba vitabu vinasema mhandisi wa maunzi hubuni vitu vinavyoshikika, lakini havisemi vinashikwa na nani. Aliandika kwamba mhandisi huwaza kila kitu kitaharibikaje, ila hawezi kuwaza asichoambiwa, na anayemfichia kosa lake humnyima nusu ya kazi yake. Mwalimu aliusoma mbele ya darasa zima, kisha akaweka alama kwa wino badala ya penseli. Mke wangu akaingia mtihani. Akafaulu, hisabati kwa alama mbili zaidi ya binti yetu, na tangu siku hiyo maji ya kunywa nyumbani huletwa bila maneno.

Barua ya mafunzo ilikuja akiwa amebakiza miezi miwili kutimiza arobaini na mitano. Nililia. Mwanamume mzima, futi ya kupimia shingoni, mteja yuko mbele yangu anataka kupunguziwa kiuno, nikalia, na naye akasubiri. Mafunzo yalikwisha, na kiwanda kikampa kitambaa cha buluu akashonewe koti mahali anapopajua. Mahali gani tena? Nilifanya kazi ile kana kwamba sijawahi kushona. Kola nilifumua mara tatu. Mfuko wa vibano na lenzi niliuweka kiunoni upande wa kulia, kama ulivyo kwenye aproni zake zote, nikaupiga mshono mara mbili usichanike.

Siku ya kuanza kazi ndugu waliruhusiwa kuingia kutazama. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga pale. Mhandisi alikuwepo, na kwenye ukuta wa chumba cha majaribio ilitundikwa ile fremu. Bodi ilikuwa ya zamani ile ile, lakini sasa ilikuwa na kapasita moja, ya tatu, iliyolehemiwa sahihi, yaani kinyume na alama yake. Nikaambiwa ni mkono wa mke wangu, na kwamba mhandisi ndiye aliyemwomba. Kisha wakamkalisha kwenye meza aonyeshe kazi. Akateremsha lenzi, akashika chuma cha kulehemu.

Alikishika kwa mkono wa kushoto.

Nyumbani anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, kwa sababu alipokuwa mdogo alichapwa mpaka mkono wa kulia ukajifunza. Kumbe kwenye kazi yake, mahali ambapo hakuna wa kumchapa, mikono yake ilirudi kama ilivyoumbwa. Na kila alipotaka kibano, mkono wa kulia ukiwa umeikamata bodi, alikiweka chuma chini, akaupitisha mkono wa kushoto mbele ya tumbo mpaka kwenye mfuko wa kulia, akachukua, akarudi. Alifanya hivyo haraka na bila kutazama. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu safari za mkono ule, nikizidisha kwa siku, kwa miezi, kwa aproni zote. Nyani haoni kundule.

Tulipofika nyumbani nilimwomba anivulie koti.

“Miaka yote hii,” nikasema. “Mbona hukuwahi kuniambia mfuko uko upande usio wako?”

Alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kuvua viatu. Alikuwa anatabasamu, na nilijua kinachokuja kabla hajafungua mdomo.

“Fundi mzuri,” akasema, “humfunika mkata kitambaa.”

Niliwasha taa ya mashine, nikachukua wembe, nikaanza kuufumua ule mshono wa mara mbili.